Mama Behice Boran hakunyamaza

Kwetu kwa migodi, mtu akisema mbele ya wakubwa, wenzake wanamwambia: nyamaza, utapoteza kazi. Leo tunaelezea habari ya mama mmoja wa Uturuki aliyepoteza kazi, na zaidi ya kazi.

Behice Boran alizaliwa Bursa mwaka wa 1910. Alisoma sosiolojia mpaka doktora kule Michigan, Marekani, kisha akafundisha univerisite ya Ankara. Mwaka wa 1948 wakamfukuza sababu ya mawazo yake. Mwaka wa 1950 serikali ilituma waaskari vitani Korea. Yeye na wenzake walikataa wazi, wakatiwa boloko.

Mwaka wa 1961 watu 12 wa sendika, si mapatron, waliunda Chama cha Wafanyakazi cha Uturuki. Boran akaingia, na mwaka wa 1965 akachaguliwa deputé wa Urfa. Aliandika pia vitabu juu ya usosialisti. Mwaka wa 1970 akawa prezida wa chama. Mwaka uliofuata waaskari walilazimisha serikali ijiuzulu, chama kikafungwa, naye akahukumiwa miaka 15. Msamaha wa 1974 ulimtoa; mwaka wa 1975 akasimamisha chama tena.

Waaskari walirudi 1980. Akakimbilia Ulaya, wakamnyang'anya uraia. Akafia Bruxelles mwaka wa 1987. Maiti yake iliporudishwa Ankara, ilipewa heshima mbele ya parlema.

Heshima ya maiti tunaijua hata huku kwetu. Ya mtu mzima ndiyo inachelewaka.