Kutoka Sydney hadi Cork: Seán Óg alivyoanza halingi akiwa amechelewa

Mtoto wa miaka miwili ukimhamisha nchi, hasumbuki sana. Wa miaka kumi ni jambo jingine, na wazazi wengi wanaotusoma wanalijua hilo vizuri. Huyo ana marafiki, ana timu, ana njia yake ya kwenda shule, na anaelewa kabisa anachonyang'anywa. Seán Óg Ó hAilpín alikuwa na umri kama huo mwaka 1988, familia yake ilipoondoka Sydney, Australia, kwenda kuishi Cork, kusini mwa Ayalandi.

Baba yake alitoka Fermanagh, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi. Mama yake alitoka Rotuma, kisiwa kidogo kilicho chini ya Fiji, na Seán Óg mwenyewe alizaliwa huko Fiji mwaka 1977. Ukitaka kujua familia hii ilivyokuwa, tazama majina ya watoto wake sita. Aisake, Teu na Sarote ni ya upande wa mama. Setanta na Étaoin yametoka katika hadithi za kale za Ayalandi. Na huyo Setanta wa hadithini alikuwa kijana aliyeua mbwa mkali kwa mpira na fimbo ya halingi! Baba, inaonekana, hakuwa amesahau kwao hata kidogo.

Sydney watoto walicheza raga. Cork wakakuta mchezo ambao Mwayalandi huanza kuujifunza mara tu anapoweza kushika fimbo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona: halingi si mpira wa magongo, ingawa kwa mbali unafanana nao. Wachezaji ni 15 kila upande. Kila mmoja ana fimbo ya mti wa ash, bapa mwishoni, ambayo wenyewe huiita camán, na wanagombea mpira mdogo mgumu uitwao sliotar. Mpira unaweza kupigwa ukiwa hewani, unaweza kudakwa kwa mkono, na unaweza kubebwa juu ya fimbo huku mtu anakimbia mbio. Nguzo za goli zimesimama kama herufi H. Ukiupitisha mpira juu ya mwamba, pointi moja. Ukiuingiza chini yake, kwenye wavu, pointi tatu. Fimbo zinakutana hewani kwenye urefu wa uso. Leo kofia ngumu ni lazima, lakini Seán Óg alipokuwa anaanza, wakubwa wengi walicheza kichwa wazi.

Ugumu wake uko mikononi. Mpira unaokuja kwa kasi ile haukupi nafasi ya kufikiri, na mkono unaojibu wenyewe hujengwa utotoni, kwa kupiga mpira ukutani, ukirudi unaupiga tena, jioni baada ya jioni. Mtoto wa miaka kumi anayeanza leo ana deni la miaka mitano kwa wenzake. Hakuna njia ya mkato ya kulilipa.

Alilipia deni hilo sehemu mbili: shule ya North Monastery na klabu ya Na Piarsaigh, zote upande wa kaskazini wa mji wa Cork. Hapa pana jambo la kuelewa kuhusu michezo ya asili ya Ayalandi, inayosimamiwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1884. Mchezaji hanunuliwi. Unachezea klabu ya mahali unapoishi, klabu inakupeleka timu ya kaunti, na hata ukifika fainali mbele ya watu zaidi ya 80,000 pale Croke Park, Dublin, hulipwi mshahara. Jumatatu unarudi kazini. Kwa mtoto mgeni utaratibu huu ni mlango ulio wazi, kwa sababu klabu inahitaji kila kijana wa mtaa wake. Lakini mlango ni huo mmoja tu: hao hao unaocheza nao ndio unaosoma nao na kukaa nao, na usipokubalika hapo huna pengine pa kwenda.

Matunda yakaanza kuonekana. Mwaka 1994 North Monastery ilichukua ubingwa wa shule wa Ayalandi nzima, naye akiwemo. Mwaka 1995 akachukua ubingwa wa vijana na kaunti ya Cork, chini ya kocha Jimmy Barry-Murphy. Mwaka uliofuata kocha huyo akapewa timu ya wakubwa, na Seán Óg akapandishwa. Ukawa mwaka mchungu: Limerick waliwafunga Cork nyumbani kwao kwa tofauti ya pointi 16. Vijana wakarudi mazoezini. Mwaka 1997 na 1998 wakawa mabingwa wa chini ya miaka 21, na Septemba 1999 wakaifunga Kilkenny pointi 13 kwa 12 katika fainali ya wakubwa. Alikuwa na miaka 22. Wiki mbili baadaye alirudi Croke Park kucheza fainali nyingine, ya mpira wa miguu wa Kiayalandi, akashindwa na Meath. Fainali mbili katika mwezi mmoja, michezo miwili tofauti, bila malipo!

Isidhaniwe njia ilikuwa laini. Amesema hadharani kwamba alitukanwa kwa sababu ya rangi yake, uwanjani na kutoka kwa watazamaji. Medali hazikuwanyamazisha wote.

Mwaka 2001 ajali ya gari ilimuumiza goti vibaya, lakini akarudi. Mwaka 2003 mdogo wake Setanta alifunga goli katika fainali ambayo Cork walishindwa, kisha akaenda Melbourne kujiunga na klabu ya Carlton, kucheza mpira wa Kiaustralia kwa mshahara. Aisake naye akafuata. Watoto wakaifuata kinyume njia ile ile waliyoletwa na baba. Kaka yao akabaki Cork.

Mwaka 2005 alikuwa nahodha, na Cork wakaifunga Galway katika fainali. Ni desturi nahodha kuhutubia baada ya kupokea kombe. Waayalandi wengi hukisoma Kiayalandi shuleni kwa miaka mingi na bado hawawezi kukizungumza. Kila siku wanatumia Kiingereza. Seán Óg alishika kombe, akatoa hotuba yake yote kwa Kiayalandi.