Ukurasa Upi, Maagizo Yapi: Tatizo Moja katika Kufundisha JavaScript

Mwalimu afundishaye JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, hukutana mapema na kosa ambalo wanachuo hulidhania kuwa ni la kompyuta. Mwanachuo mmoja darasani kwetu aliitengenezea shule tovuti yenye ukurasa wa mwanzo, wa usajili na wa kukokotoa wastani wa alama. Maagizo yote aliyaandika katika faili moja, akaiunganisha na kila ukurasa. Usajili ulifanya kazi barabara; wastani ulikataa kabisa. Alihangaika siku mbili, akakaribia kuifuta kazi yote, ilhali hesabu yake haikuwa na ila yoyote.

Agizo la kwanza katika faili lilikitaka kivinjari kitafute fomu ya usajili, kisha kisubiri iwasilishwe. Katika ukurasa wa wastani fomu hiyo haipo. Kivinjari kikikosa kitu kwa njia hii hurudisha thamani iitwayo null, yaani utupu. Na kuuamuru utupu ni kosa. Kosa hilo likitokea, maagizo yaliyo chini yake katika faili ile hayatekelezwi.

Hapa mwalimu hushawishika kutoa jibu mara moja. Afadhali asitoe. Wanachuo na wafungue dirisha la makosa la kivinjari, wausome ujumbe kwa sauti, kisha waeleze ni kitu gani kilichotafutwa kikakosekana. Baadaye wayahamishe maagizo ya wastani yawe juu na ya usajili yawe chini. Sasa wastani utakubali, na usajili ndio utakaokataa! Jaribio hili huchukua nusu kipindi, wala si muda uliopotea, kwani ndilo liondoalo dhana kwamba hesabu ilikuwa mbovu.

Wakiulizwa dawa, aghalabu hupendekeza programu isome anwani ya ukurasa katika location.pathname, itende kazi katika /usajili.html tu. Pendekezo lijaribiwe kwa heshima. Kisha mwalimu aihamishie tovuti kwenye folda nyingine: anwani imebadilika, na programu inanyamaza pasipo kuonyesha kosa lolote.

Ndipo afundishe kuuliza kuhusu kitu chenyewe badala ya anwani:

var fomu = document.getElementById("usajili");
if (fomu) { fomu.addEventListener("submit", sajili); }

Katika sharti, null huhesabiwa kuwa si kweli. Kwa hiyo pasipo na fomu agizo hurukwa, na yanayofuata huendelea.

Hata hivyo, sharti hili lina hila yake. Mwanachuo akikosea herufi moja ya jina "usajili", programu itaruka agizo hata katika ukurasa unaostahili, bila kulalamika. Itakuwa hivyo hivyo faili ikisomwa kichwani mwa ukurasa kabla fomu haijajengwa. Basi iunganishwe mwishoni mwa ukurasa, au kwa neno defer. Kwa sababu hiyo mimi hulichelewesha sharti mpaka kosa lenyewe limekwisha kuonekana na kueleweka.

Kwa tovuti ndogo kama ile ya kurasa tatu, kuupa kila ukurasa faili yake kungetosha. Mwanachuo wetu alichagua njia hiyo, akabakiza faili moja ya pamoja kwa ajili ya orodha ya viungo iliyomo katika kurasa zote.