Kusanifisha lugha ni jambo moja, kusanifisha skrini ya meli je?

ISTILAHI ‘usanifishaji’ tumeizoea mno katika taaluma ya lugha. Msomaji wa safu hii anakumbuka kuwa mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita hakikufa kwa sababu hiyo. Leo hebu tuitazame melini.

Kwa miaka mingi kila mtengenezaji wa rada na chati za kielektroniki alijichorea alama zake na kuzificha amri palipompendeza. Baharia aliyefunzwa mtambo wa kampuni moja, akihamia meli nyingine, alianza upya. Si mzaha. Agosti 21, 2017, manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore. Mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi walibaini kuwa wahudumu walichanganywa na skrini za usukani. Walidhani usukani umekufa, kumbe udhibiti umehamia kituo kingine!

Mnamo 2019 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilitoa miongozo ya kusanifisha violesura, yaani sehemu ya mtambo inayokutana na jicho na kidole cha mtumiaji. Alama za shughuli muhimu zifanane, taarifa za msingi zikae pamoja, na afisa aweze kurejesha mpangilio wa kawaida kwa tendo jepesi. Kanuni za alama na vifupisho zinahusu rada na chati zilizofungwa kuanzia Januari 1, 2024. Meli kuukuu bado zina skrini kuukuu, kwa hivyo mkufunzi wa chuo cha ubaharia cha Bandari, Mombasa, hana budi kufunza zote mbili.

Walimu wenzangu wa huku Kisii na Nyamira huniuliza: “Prof, bahari inatuhusu nini sisi watu wa milimani?” Inatuhusu sana. Kijana wetu anayekwenda Mombasa kusomea ubaharia huenda hajawahi kusikia omo wala tezi, na rubani kwake ni wa ndege tu, ilhali rubani ndiye pia anayeongoza meli kuingia bandarini.

Amri melini hutolewa kwa Kiingereza, kwa virai ambavyo IMO ilivisanifisha mwaka wa 2001. Sawa. Lakini dhana huanza kueleweka katika lugha anayofikiria nayo mwanafunzi, na hapa ndipo tunapoteleza. Skrini huonyesha HDG na COG. Nikisikia mwalimu akifasiri zote mbili ‘mwelekeo’, naingiwa na hofu. HDG ni upande unaotazamwa na omo. COG ni njia ambayo meli inaifuata hasa juu ya sakafu ya bahari. Mkondo au upepo ukiisukuma ubavuni, omo itatazama lango la bandari huku meli yenyewe ikielekea mwambani.

Mimi napendekeza ‘uelekeo wa omo’ kwa HDG na ‘njia halisi’ kwa COG. Mwenye istilahi bora zaidi, hasa wazee wa majahazi wa Lamu, na aniandikie.