Usikiache wazi kisanduku cha uzoefu

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ikitoa tangazo, steshenari za jirani na vyuo hujaa, iwe Iyunga mjini Mbeya au Kihesa mjini Iringa. Mwenye kompyuta anauliza, mwombaji anajibu. Namba ya NIDA, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, vyote vinaingia haraka. Ikifika sehemu ya uzoefu wa kazi, jibu linakuwa moja: "Weka hakuna." Kwenye ujuzi zinabandikwa sentensi za Kiingereza alizobandikiwa mteja aliyetangulia: mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, anaweza kufanya kazi kwenye presha.

Hilo "hakuna" linaniuma, kwa sababu mara nyingi si kweli. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini wanafanya kazi tangu wakiwa shuleni. Yupo wa Mafinga anayepima mbao na kuandika mzigo wa kila gari. Yupo aliyemaliza Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, akarudi kijijini kufundisha hisabati kwa kujitolea kwenye sekondari ya kata. Yupo katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa ambaye kwenye daftari lake haijawahi kupotea hata shilingi. Wote hawajihesabu kuwa na uzoefu, kwa kuwa hawakuwa na barua ya ajira wala mshahara unaopita benki.

Swali la uzoefu halikuulizi kama uliwahi kuwa na ofisi. Linataka kujua ulifanya nini, wapi, tangu lini hadi lini, ukitumia nini, na kazi yako ilimsaidia nani. Tuseme binti anasoma uhasibu Mbeya, na likizo zake anakuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga Igurusi. Akiandika "nina uzoefu mzuri wa kutunza kumbukumbu", msomaji hajaambiwa kitu. Aandike hivi: "Karani wa mizani, mashine ya kukoboa mpunga, Igurusi, Julai hadi Septemba 2024. Nilipima magunia ya wateja, nikaandika stakabadhi, nikalinganisha daftari na fedha kila jioni, kisha nikaingiza hesabu za wiki kwenye Excel." Hakuna neno la kujisifu hapo, lakini mhasibu yeyote akisoma ataona mtu anayeweza kukabidhiwa sanduku la fedha. Mafunzo kwa vitendo ya chuoni nayo yaandikwe kwa undani huohuo. Kutaja jina la halmashauri uliyokwenda na kuishia hapo hakutoshi.

Wengine wanakosea kwa upande wa pili, wanajaza wasichokijua. Mfumo wa maombi ukiuliza kiwango cha kompyuta au lugha, wanachagua cha juu kabisa. Sioni faida yake. Usaili wa Sekretarieti una mchujo wa maandishi, una mahojiano, na kwa baadhi ya kada una vitendo; pale utakaa mbele ya mashine yenyewe. Matangazo yao pia yanaonya wazi kwamba taarifa za kughushi zitampeleka mhusika kwenye hatua za kisheria. Isitoshe, nafasi nyingi za kuanzia serikalini, zile za Daraja la II, huomba elimu bila kutaja miaka ya kazi. Uzoefu unawapambanua waombaji zaidi kwenye mashirika na kampuni binafsi, na huko ukweli mdogo wenye tarehe na mahali una nguvu kuliko sifa kumi za jumla.

Ushahidi wa uzoefu nao upo kuliko vijana wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wachache sana wanakidai, na ningependa kila anayeondoka kiwandani, hotelini au dukani akidai kabla hajafunga mzigo. Fundi aliyejifunzia gereji au kwenye ujenzi anaweza kwenda VETA, ambayo ina vyuo Mbeya na Iringa, akaulizia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa kwa kazi, na akifaulu anapewa cheti. Aliyejitolea aombe barua kwa mkuu wa shule, yenye muhuri, ikitaja masomo na madarasa aliyofundisha.

Kisha kuna wadhamini watatu ambao mwombaji hutakiwa kuwataja. Wengi hukimbilia kuandika jina la mheshimiwa fulani ambaye hata sura yao haijui. Mtu kama yule mwenye mashine wa Igurusi, aliyekuona ukifunga hesabu saa mbili usiku, anafaa zaidi. Mpigie kwanza, muombe ridhaa, mkumbushe ni miezi gani ulikuwa kwake na ulifanya nini, na uhakikishe namba unayoiandika ndiyo anayoipokea siku hizi.