Neno "Na" Linapotoweka: Makosa ya Kimya katika Kuhesabu Maneno kwa Lugha ya R

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayotumika mara nyingi, neno "na" lina nafasi ya pekee. Huunganisha nomino kwa nomino na sentensi kwa sentensi. Humtambulisha mtenda katika kauli ya kutendwa. Na hushirikiana na kitenzi "kuwa" ili kuonyesha umilikaji. Ni vigumu kupata matini ndefu ya Kiswahili ambayo haina neno hili. Kwa hivyo, mtafiti ahesabupo maneno ya matini kwa tarakilishi, kisha akapata orodha ambamo "na" halimo kabisa, hana budi kushangaa. La kushangaza zaidi ni kwamba tarakilishi yenyewe haikutoa onyo lolote.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha jambo hilo, pamoja na mambo mengine mawili ya jamii yake, katika R, ambayo ni lugha ya kuandikia programu za takwimu. R ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwezi wa Februari 2000. Misingi yake ilitoka katika lugha ya S, iliyoanzishwa mwaka 1976 na John Chambers na wenzake katika maabara ya Bell nchini Marekani. Lugha hii hutolewa bila malipo, na kwa sababu hiyo imeenea sana vyuoni, hata katika idara za isimu.

Hoja ya makala ni hii: mengi yanayodhaniwa kuwa makosa ya mashine kwa kweli ni kaida. Mashine hushika kaida hizo kila mara mtumiaji asipoagiza vingine, na baadhi yake hugongana na tahajia ya Kiswahili.

2. Neno "na" na alama ya kukosekana

Katika takwimu, si kila swali hupata jibu. Msailiwa mmoja huenda hakutaja umri wake, na ukurasa mmoja wa mswada huenda umeliwa na mchwa. R huiandika nafasi tupu ya namna hiyo kwa herufi mbili kubwa, NA. Faili inaposomwa kwa amri ya read.table au ya scan, kila penye herufi hizo mbili peke yake huchukuliwa kuwa pana thamani inayokosekana.

Herufi ndogo hazina hatari hii, kwani R hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Hatari hutokea pale ambapo matini imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama vile vichwa vya habari vya magazeti, maandishi ya mabango, au matini ambayo mtafiti mwenyewe aliigeuza kuwa ya herufi kubwa ili "Mtu" na "mtu" zihesabiwe kuwa neno moja. Tuchukue mfano huu mfupi, uliopangwa neno moja katika kila mstari:

MAMA NA BABA NA WATOTO WAKE

Maneno ni sita. R ikiulizwa urefu wa orodha iliyoisoma, itajibu 6. Lakini ikiagizwa kupanga idadi ya kila neno kwa amri ya table, itataja MAMA, BABA, WATOTO na WAKE, kila moja mara moja, na jumla yake ni 4. Maneno mawili yametoweka. Sababu ni kwamba amri ya table huziacha nje thamani zinazokosekana isipokuwa imeagizwa kuzionyesha. Kaida mbili zimekutana hapa: ya kwanza imeligeuza neno kuwa pengo, na ya pili imelificha pengo hilo. Kila moja, ikitazamwa peke yake, ina busara yake. Zikiungana, hulifuta neno lisionekane tena.

Tatizo hili halikihusu Kiswahili peke yake. Msimbo wa kimataifa wa herufi mbili wa nchi ya Namibia ni NA vilevile, na jedwali la nchi za Afrika lililopangwa kwa misimbo hiyo linaweza kuipoteza Namibia kwa njia iyo hiyo.

Madhara kwa mwanaisimu ni makubwa. Maumbo NAYE, NAMI na NAO hayaguswi, kwa kuwa si herufi hizo mbili peke yake. Basi mtafiti anayelinganisha waandishi wawili, mmoja ambaye matini yake ilichapwa kwa herufi kubwa na mwingine kwa herufi za kawaida, anaweza kutoa hitimisho kwamba mwandishi wa kwanza huepuka "na" huru na kupendelea maumbo yaliyoambatanishwa na viwakilishi. Hitimisho hilo litakuwa na jedwali, asilimia na hata kipimo cha uzito wa tofauti. Nalo litakuwa batili tangu mwanzo. Ikumbukwe kwamba Frederick Mosteller na David Wallace, katika uchunguzi wao maarufu uliochapishwa mwaka 1964 kuhusu mwandishi wa makala 12 za kisiasa za Marekani zilizokuwa na ubishi, waliyategemea hasa maneno madogo ya namna hii. Maneno madogo ndiyo yanayobeba alama ya mwandishi. Yakipotea, ushahidi umepotea.

Tiba yake ni kuiagiza R, wakati wa kusoma faili, isiyachukulie maandishi hayo kuwa ni pengo. Yaani kuandika na.strings = "". Hapo ni nafasi isiyo na herufi yoyote tu itakayohesabiwa kuwa tupu.

3. Ritifaa ya "ng'"

Jambo la pili latokana na ritifaa. Katika Kiswahili alama hii ni sehemu ya tahajia ya sauti moja, na bila hiyo "ng'oa" na "ngoa" hazitofautiki. Kwa read.table, hata hivyo, ritifaa ni alama ya mtajo: hufungua nukuu, na kila kinachofuata ni maandishi yaliyonukuliwa mpaka ritifaa nyingine itakapoifunga.

Tuseme ipo orodha ya maneno 100, kila mstari ukiwa na neno, kituo cha kichupo, na idadi ya marudio. Katika mstari wa 40 lipo neno "ng'ombe", na katika mstari wa 43 lipo "ng'ambo". Maneno mengine hayana ritifaa. Faili hiyo ikisomwa kwa read.table na kichupo kutajwa kuwa ndicho kitenganishi, mistari minne, tangu wa 40 hadi wa 43, itamezwa na kuwa mmoja, na idadi iliyo mbele yake itakuwa ile ya "ng'ambo". Jedwali litakuwa na mistari 97. Kwa kuwa ritifaa ni mbili, moja imefungua na nyingine imefunga, na R haioni sababu ya kulalamika. Laiti zingalikuwa tatu, lingalitokea onyo kwamba faili imekwisha ndani ya nukuu. Yaani usalama wa mtafiti hutegemea kama ritifaa zake ni witiri au shufwa!

Tiba ni kuandika quote = "", au kutumia amri ya read.delim, ambayo haiichukulii ritifaa kuwa alama ya mtajo. Pamoja na hayo, mtafiti achunguze kama ritifaa zote ni za umbo moja. Ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili mbalimbali machoni pa tarakilishi, na "ng'ombe" mmoja atahesabiwa kuwa wawili.

4. Miaka inayogeuka kuwa nambari za mpango

Jambo la tatu linahusu safu ya tarakimu. Tuseme mtafiti ameorodhesha miaka ya kuchapishwa kwa matini zake, 1934, 1947 na 1961, na mahali pamoja ameandika "haijulikani". Neno hilo moja latosha kuifanya R iichukue safu nzima kuwa ya maneno. Hadi toleo la 4.0.0 lilipotolewa mwaka 2020, safu ya maneno iligeuzwa papo hapo kuwa data ya makundi, iitwayo fakta, ambamo kila kundi hupewa nambari kulingana na mpango wake. Mtafiti akiagiza safu hiyo igeuzwe tena kuwa tarakimu, hapati 1934, 1947 na 1961, bali 1, 2 na 3. Tangu toleo hilo, mageuzi hayo hayatokei yenyewe; lakini fakta zingali zipo, na programu ya zamani ikiendeshwa leo yaweza kutoa jibu tofauti na la awali. Njia salama ni kuigeuza fakta kuwa maneno kwanza, kisha maneno kuwa tarakimu.

5. Utaratibu wa kuchunguza

Mifano hii mitatu yaonyesha utaratibu ambao mwanaisimu tayari anaujua katika kazi yake ya uwandani. Kwanza, ahesabu kabla na baada: idadi ya mistari ya faili ilingane na idadi ya mistari ya jedwali, na jumla ya marudio ilingane na urefu wa matini. Pili, atazame umbo la data kwa amri ya str kabla ya hesabu yoyote, ili ajue safu ipi ni ya maneno, ipi ni ya tarakimu na ipi ni fakta. Tatu, penye shaka aipunguze data mpaka ibaki mistari michache ambayo bado inaonyesha kosa. Sentensi ya maneno sita imetosha kufichua siri ya "na". Nne, asome maelezo ya amri yenyewe, hasa orodha ya mambo ambayo amri huyafanya pasipo kuagizwa. Tano, alitaje toleo la R alilotumia katika ripoti yake, kama atajavyo toleo la kamusi.

6. Hitimisho

Tarakilishi haikidhulumu Kiswahili kwa makusudi, wala haikukosea katika kujumlisha. Ilifuata kaida ambazo msomaji wake hakuzijua. Kwa hivyo, mwalimu anayesimamia tasnifu yenye majedwali ya marudio hana budi kuuliza zaidi ya kipimo kilichotumika. Na aulize pia jinsi faili ilivyosomwa. Na swali la kwanza, lililo jepesi kuliko yote, ni hili: je, katika orodha hiyo, neno "na" limo?