Thamani Tatu Zinalipa Wapi? Hesabu Kutoka Ufuo wa Dunga

Wavuvi wa omena wanapoondoka Dunga, Kisumu, jioni na taa zao, simu mifukoni mwao tayari zinatumia thamani nyingi kuliko sifuri na moja. Karibu na mnara wa 4G, kila pigo la mawimbi huweza kuwa katika hali moja kati ya 64, na hivyo hubeba biti 6. Mashua ikizidi kwenda ndani ya ziwa, mawimbi hudhoofika ilhali kelele haipungui. Hali zilizopangwa kwa kubanana huanza kuchanganyikana, kwa hiyo mnara na simu hushuka hadi hali 4, biti 2 tu. Kasi imebaki theluthi. Video inakwama, ujumbe mfupi unapita.

Hiyo ndiyo bei ya kuongeza thamani: nafasi kati ya moja na nyingine hupungua.

Sasa tuje kwenye kompyuta yenyewe. Ili kuhesabu hadi milioni moja unahitaji tarakimu 20 za hali mbili, au 13 za hali tatu. Tukichukulia kwamba gharama ya tarakimu hulingana na idadi ya hali zake, 20 mara 2 ni 40, na 13 mara 3 ni 39. Faida yote ni asilimia 2.5! Mwaka 1958, Nikolay Brusentsov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moscow waliunda Setun, kompyuta ya thamani tatu iliyofanya kazi vizuri. Zilitengenezwa takribani 50 tu.

Faida hiyo ndogo humezwa haraka na umeme. Transista inayofanya kazi kwa volti 0.8 ina pengo zima la 0.8 kati ya hali mbili. Ukiweka ya tatu katikati, pengo linabaki 0.4. Tena transista iliyofunguka nusu huvujisha umeme muda wote na kupata moto. Na mhandisi naye ana mzigo wake: lango la mantiki lenye viingizo viwili lina tabia 16 zinazowezekana katika thamani mbili, lakini 19,683 katika thamani tatu. Kwa maoni yangu, hapo mjadala wa prosesa umekwisha.

Kwenye kuhifadhi, hesabu inageuka. Seli ya memori kadi yenye viwango 2 vya chaji huweka biti 1. Viwango 4, biti 2. Viwango 8, biti 3. Viwango 16, biti 4. Silikoni ni ileile, data mara nne, ndiyo maana kadi kubwa zimekuwa rahisi. Lakini tazama hatua ya mwisho: viwango vinaongezeka maradufu kutoka 8 hadi 16, nafasi inaongezeka kwa theluthi tu. Uimara nao unaporomoka, kutoka kuandikwa upya mara 100,000 hivi kwa seli ya viwango 2 hadi mara 1,000 hivi kwa ile ya viwango 16. Joto huharakisha kuvuja kwa chaji, na mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30.

Kwa hiyo, karani wa ufuoni unayepiga picha daftari la kilo za mbuta kila asubuhi, nunua kadi hiyo ya bei nafuu bila hofu, kwani picha za kila asubuhi haziandiki upya seli mara nyingi hivyo; usiiache juani ndani ya mashua, na weka nakala ya pili mahali pengine.