Kabla hujauza friwili, muulize mteja anabeba nini na anapita wapi

Leo naongea na sisi tunaouza spea za baiskeli, hata kama ni kona tu ndani ya duka la vitu vingine.

Mwaka jana alikuja dukani kijana anayebeba mkaa kuingia Iringa mjini. Baiskeli yake ni hizi za kawaida za tairi 28, gia moja tu. Friwili imekufa, akikanyaga inateleza. Akasema, "Bosi nipe inayokimbia." Nikampa ya meno 16, maana nilikuwa nazo dazeni nzima na hazitoki. Nikamwambia hii ndiyo ya spidi. Sikumdanganya, ila sikumuuliza anapita wapi.

Siku ya tatu karudi. Ule mlima wa kutoka Ipogolo kuja mjini, zamani alikuwa anakanyaga mpaka mahali ndiyo anashuka kusukuma. Sasa anasukuma toka chini kabisa. Goti linauma, na safari mbili za siku zimekuwa moja. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, umenipiga."

Friwili yake ya zamani ilikuwa bado kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nikaitoa nikahesabu meno: 20. Hapo ndiyo nikakaa chini kupiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kupokea hela yake.

Iko hivi. Chukua meno ya mbele, kule kwenye pedeli, gawanya kwa meno ya nyuma. Yake mbele ni 48. Ukigawa kwa 16 unapata 3, yaani pedeli ikizunguka mara moja, tairi linazunguka mara tatu. Tairi la 28 likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli anasukuma mzigo mita 6.6. Kwa meno 20 ni kama mita 5.3. Kwa 22 ni mita 4.8. Sasa kutoka 20 kwenda 16, mguu unadaiwa robo ya nguvu zaidi, na gunia la mkaa liko palepale kwenye keria.

Nilimfungia ya 22 bila kumdai hata mia. Tambarare atalalamika kidogo, miguu itazunguka sana. Akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika anapata kama kilomita 17 kwa saa, wakati ile ya 16 ingempa karibu 24. Lakini hiyo 24 ni ya mtu asiye na mzigo, njia imenyooka, upepo hauko usoni. Hizo 16 zangu nilikuja kuwauzia vijana wanaoendea kazini mikono mitupu, na walifurahi.

Wengine watakwambia badilisha ya mbele. Inawezekana, ila ile imeshikana na mkono wa pedeli, gharama inapanda. Nyuma ni rahisi, na jino moja la nyuma lina kazi kuliko mawili ya mbele.

Kitu kingine ni cheni, na hapa ndipo wengi tunaharibu. Ukiongeza meno manne nyuma, ekseli itasogea mbele kama nusu inchi. Ikigoma, ongeza kipande cha cheni cha inchi moja. Halafu ipime kwanza. Cheni nzima, inchi 12 zinaanzia kwenye pini na kuishia kwenye pini kamili. Ikiwa imezidi hata moja ya nane ya inchi, hiyo imevutika, itakula friwili mpya na mteja atasema umemuuzia feki. Mwambie mapema, hata kama hana hela ya vyote viwili siku hiyo.

Yule kijana bado anakuja. Kwa miezi kama miwili alikuwa akihesabu meno mwenyewe kabla ya kulipa.